Mkono wa Kushoto wa Mlinzi

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu kwanza, mengine yatakuja kwa foleni. Vipi mgongo? Vipi yale masufuria ya bweni, bado unayainua peke yako kama kuli, au wameshakutafutia mwenzio? Na hao wanafunzi unaowapikia, wanasema asante au ndio wale wa kula na kusukuma sahani? Mimi huku mzima, nakula, nalala, nacheka. Goti la kulia tu ndilo linalonisumbua, ila nimelizoea kama mpangaji mkorofi: kelele kila siku, na kuhama hahami.

Barua hii ni ndefu. Usiisome umesimama jikoni, utaunguza chakula cha watu. Kaa chini. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeacha shule bado anaandika huku katoa ulimi, kwa hiyo ukikwama mahali ruka, utanikuta mbele.

Mtaa ni uleule. Mshona nguo wa ng'ambo ya barabara kanenepa, anasema nguo ndizo zimepungua, na anayezishona ni yeye. Mwenye nyumba kapaka ukuta wa mbele rangi ya kijani cha hospitali, sasa wateja wangu wakiingia kuchukua mashati wanaanza kukohoa. Nikamwambia kama anataka kutuuguza aseme mapema tutafute na vitanda. Mawifi zako sijawaona, na siwatafuti.

Sasa nije kwenye ile mashine ya gemu ya marehemu shemeji.

Uliniachia ukaniambia nimpe fundi afute vyote vilivyomo, kisha apewe yeyote mwenye kuitaka, kwa kuwa wewe hutaki hata kuiona. Nilikusudia kweli. Niliiweka chumba cha nyuma, pale ninapotundika nguo zilizokwisha pigwa pasi, nikaifunika na shuka la mteja mmoja aliyesahau kwamba ana shuka. Lakini unanijua mdogo wangu. Kitu kikifunikwa mbele ya macho yangu, mimi ndiye ninayekosa usingizi. Siku ya tatu nikafunua. Siku ya nne nikamwita Kinyozi wa mlango wa pili aje aiunganishe na televisheni, nikamwambia nataka kujua tu kama ni nzima, isije ikawa tunampa mtu kopo.

Kinyozi unamkumbuka, yule mwenye kipara anayejipatia riziki kwa nywele za wengine. Mtu mzima na ndevu zake nyeupe, ila akishika gemu anakuwa kama kafufuliwa. Akanieleza kwamba huu ni mchezo wa mapanga. Unamwendesha mtu wako ndani ya jengo moja la kale, la mawe, sakafu yote ina maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, na kila penye njia ya maana kuna mkubwa anakungoja. Huyo mkubwa wanamwita bosi. Nikamuuliza kama anatoa ajira. Kinyozi akasema anatoa majeneza.

Akasema madubwana hayana shida. Dubwana ni kama mvua, linakuja lote kwa pamoja, ukijibanza pembeni linapita. Taabu ni bosi ambaye ni mtu. Yule ana upanga kama wako, ngao kama yako, kichupa cha dawa kama chako, na pumzi zinamwishia kama zinavyokuishia wewe. Na anakusoma. Ukiinua dawa unywe, anakurukia hapohapo kabla hujameza. Ukirudi nyuma kwa woga, anakufuata. Ukiwa na tamaa ya pigo la tatu, la nne anapiga yeye. Akanifundisha kama anavyomfundisha mtu kushika wembe: usikimbilie kukata, kwanza jua nywele zimelalia wapi. Kila mtu ana mapigo yake, akasema, kama alivyo na mwendo wake. Kaa mbali kidogo, mzunguke, uhesabu. Akipiga, pangua kwa ngao wakati uleule, si kabla si baada, naye atayumba. Akiyumba ndipo umchome. Mara moja. Halafu toka.

Mimi nikacheka. Nikasema hivi ndivyo ninavyoishi na mwenye nyumba.

Basi nikaanza kidogokidogo, saa tisa alasiri, pasi zikiwa zinapoa na mtaa umetulia kwa jua. Nilikufa, mdogo wangu. Nilikufa majini, nilikufa ngazini, nilikufa nikitafuta kitufe cha kusimama. Kinyozi alikuwa anakuja na kiti chake kati ya mteja na mteja, anakaa nyuma yangu ananitukana kwa adabu, Mama Pasi punguza tamaa, Mama Pasi huyo si shati, humnyooshi kwa nguvu. Baada ya wiki mbili nikafika kwa mkubwa wa mwisho wa eneo lile, anayeitwa Mlinzi wa Ngazi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu. Unakumbuka wiki ile kabla shemeji hajafariki, alivyopita kwangu kifua mbele akaniambia amemng'oa bwana mmoja aliyemsumbua mwaka mzima, na kwamba sasa mwenye ngazi ni yeye? Mimi nikatangaza mtaa mzima shemeji kapata kazi ya ulinzi. Watu wakaja dukani kwake anapotengenezea saa kumpongeza, naye kashika saa ya mtu mkononi, haelewi. Tulicheka siku mbili. Kumbe ndio huu. Kinyozi alinieleza kwamba mchezo una tabia hiyo: ukimshinda Mlinzi wa Ngazi, mashine inachukua namna yako ya kupigana, inamvika mlinzi mpya, naye anakaa pale kungoja atakayekuja. Inachukua mara moja tu, siku uliyoshinda, kama mtu anavyopigwa picha. Atakayekuja akamshinda huyo, wa zamani anafutika moja kwa moja na yeye ndiye anayebaki.

Kwa hiyo aliyekuwa amesimama pale juu ya ngazi, nguo ya chuma, kofia imefunika uso, ni mchezo wa shemeji. Nilijua hivyo kichwani tu, kama unavyojua kwamba mwezi uko mbali. Mkono wangu haukujua bado.

Nikamwendea. Hakushuka. Maji yalikuwa yanadondoka mahali, tone, tone. Nikapanda vidato vitatu akaanza. Akapiga mapigo mawili madogo ya haraka, tak tak, halafu akatulia kabisa. Mimi nikadhani kachoka, nikamvamia, ndipo likaja la tatu kubwa nikafa. Nikarudi. Tak tak, kimya, pigo. Nikarudi tena. Mara ya tano hivi nikaiweka mapajani ile padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea.

Wewe umelala na mlio huo miaka kumi na tisa. Saa ikiletwa kwa shemeji, kitu cha kwanza anaigonga na ukucha, tak tak, halafu anainamisha kichwa anasikiliza, na hapo hata ukimwambia nyumba inaungua hakujibu. Kisha ndio anaifungua. Alikuwa anagonga hivyo mezani akingoja chakula. Aligonga hivyo kwenye mlango wangu. Na kile kimya cha katikati, mdogo wangu, urefu wake ni uleule. Nilihesabu.

Sikukuandikia. Nilisema nitakuandikiaje jambo kama hili wakati kila barua yako unauliza neno lilelile: je, kulikuwa na dalili? Alimwambia mtu? Mbona mimi mkewe sikuona? Na mawifi zako wanakuuliza hilohilo kwa midomo mirefu, mke gani asiyejua mumewe anaumwa. Nikasema ngoja kwanza, nisiongeze chumvi kwenye kidonda. Nikawa namwendea kila alasiri, na kila alasiri ananiua, na mimi narudi kufungua duka nikiwa mchangamfu. Wateja wakaanza kuniuliza kama nimepata mchumba.

Halafu nikaanza kuona mambo.

La kwanza, dawa. Kinyozi aliniambia hakuna mlinzi anayekuacha unywe. Huyu ananiacha. Nikiinua kichupa anasimama, anashusha upanga, anangoja nimeze hadi mwisho, ndipo anaendelea. Shemeji hakuwahi kumsemesha mtu ana tonge mdomoni. Nilimwonyesha Kinyozi. Akakuna kipara akasema basi marehemu alicheza hivyo, mashine imebeba adabu yake. Nikakubali.

La pili ni ile ngao. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimpiga kutoka kushoto kwake, anapangua vizuri. Wiki ya pili akawa anachelewa, kidogo tu, nafasi ya kupepesa jicho. Wiki ya tatu nafasi ya kuvuta pumzi. Ngao inapanda polepole kama mtu anayeinua ndoo. Kulia hana tatizo, kulia ni umeme. Kushoto ndiko kunakolala. Kinyozi akafurahi, akasema ndio hapo pa kumshindia, mzungukie kushoto, kushoto, kushoto, umemaliza. Nikamuuliza mbona mwanzo hakuwa hivyo. Akasema ni mimi nimekuwa hodari, mlinzi habadiliki, ameshapigwa picha, picha haizeeki. Akasema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo.

Basi mimi nikaacha kwenda kushoto. Nikawa napanda hadi kidato cha tatu, nasimama tu. Naye anasimama. Tunatazamana hivyo, mvuke wa pasi umejaa chumbani, mashati ya watu yamening'inia nyuma yangu kama watu wanaosubiri zamu. Siku moja nikaiacha padi mezani nikaenda mbele kumpa mteja suruali yake, tukapiga soga kama nusu saa. Niliporudi Mlinzi alikuwa ameshuka. Alikuwa amekaa, mdogo wangu. Amekaa kwenye kidato cha chini, miguu majini, mkono wa kushoto kauweka mapajani kaushika kwa ule wa kulia. Nilipoigusa padi akanyanyuka akapanda kwenda mahali pake. Sikumwambia mtu. Mimi, sikumwambia mtu. Nilikwenda nikapiga pasi shuka la yule mteja msahaulifu mara nne.

Jana ndiyo imenikalisha niandike. Kinyozi alikuja na kiti chake, ana haraka, kamwacha mteja na povu upande mmoja. Akaniambia leo lazima nimalize, haiwezekani mtu mzima atishwe na katuni. Nikapanda. Nikarusha pigo moja, la kushoto, kwa kuwa yeye alikuwa ananipigia kelele sikioni, kushoto, kushoto. Mlinzi akainua ngao. Ikafika nusu. Ikamdondoka. Ikaviringika ngazi zote ikatumbukia majini, na hata mlio wake wa kuzama niliusikia.

Kinyozi akasema sasa, ngao hana, piga. Mimi sikupiga, maana Mlinzi hakuwa ananitazama. Alikuwa ameuinua mkono wake wa kushoto mbele ya kofia, anautazama. Anaugeuza upande huu na upande huu, taratibu, kama mkono umeletwa dukani na mwenyewe haonekani.

Kinyozi akasimama. Akasema mchezo huu ameumaliza mara sita na hakuna mtu humo anayejitazama mkono, hawakuwekwa hivyo. Halafu akachukua kiti chake akaondoka, na leo nilipomsalimia mlangoni alijibu huku anafagia nywele ambazo hazipo.

Mimi ule mtazamo niliwahi kuuona. Hapa ndipo nakuomba ukae vizuri mdogo wangu, na kama kuna mtu hapo karibu mwambie akuachie jikoni kidogo.

Miezi mitano kabla ya kifo chake shemeji alileta koti lake nilipige pasi. Nikamkaribisha chai. Akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, kikombe kikashuka kama hakijashikwa na mtu. Chai ikamwagikia viatu vyake. Mimi nikacheka, nikasema shemeji siku hizi unavunja vyombo kila nyumba. Hakucheka. Aliuinua ule mkono mbele ya uso akautazama hivihivi, akaugeuza, akaugeuza. Ndipo akaniambia. Vidole vilikuwa vinakufa na kurudi tangu mwezi uliopita. Asubuhi moja na mdomo ulikataa, kwa muda wa kunyoa ndevu, halafu ukarudi. Alikwenda hospitali peke yake, wakamwambia hii ni damu inaziba kichwani, arudi wiki ile ile wampime na kumwanzishia dawa. Hakurudi. Alisema wakishajua watu kwamba fundi saa mkono umekufa, nani atampa saa. Alisema amalize kwanza ile saa kubwa ya shule aliyopewa, kisha atarudi hospitali, kisha atakwambia wewe mwenyewe. Akaniapisha.

Nilimuuliza kwa nini kati ya watu wote aniambie mimi, ambaye mtaa mzima unaniita Redio. Akasema ndiyo sababu. Siri ukiificha kwenye redio, akasema, hakuna atakayekwenda kuitafuta humo.

Na mimi nikajisikia mtu, mdogo wangu. Ndiyo aibu yangu yenyewe. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniamini na neno, wote wananiletea la kusambaza. Mara hii moja nikapewa la kutunza, nikalikumbatia kama nimepewa mtoto. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Nilikuona unamgombeza kwa vile vikombe. Nilikuwepo asubuhi ile ya mwisho uliposema hata mtoto mdogo anajua kushika sahani, naye akainama kuokota vipande kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nguo zenu mkononi, nikajua, nikanyamaza. Jioni hakuwepo tena duniani. Tangu siku hiyo unajilaumu kwa maneno yale, na mawifi wanakulaumu kwa kutojua, na mimi ndiye ninayekupigia pasi nguo nyeusi huku nakwambia Mungu kapenda.

Hukujua kwa kuwa alikuficha, na mimi nikamsaidia kuficha. Dalili zilikuwepo, kila kikombe kilikuwa dalili, ila ufunguo wa kuzisoma nilikuwa nao mimi. Ukitaka kunichukia nichukie, nina kifua kipana. Ukitaka kuwasomea mawifi zako barua hii wasomee, hata barabarani, na spika nitakutafutia. Ila yale maneno ya asubuhi yashushe. Ulimsema fundi mzembe. Mgonjwa hukuwahi kumwona, hatukukuonyesha.

Sasa kuhusu mashine. Fundi wa kufuta nilimwita kabla ya haya na amesema anakuja Jumamosi. Nitamshika mlangoni kwa maneno mpaka asahau alichojia, hilo niachie, ni kazi yangu. Kwenye ngazi sitapanda tena, na Kinyozi hataki hata kusikia. Padi iko juu ya shuka, pasafi, inakungoja wewe.

Sikwambii ni yeye. Mimi ni dobi, sijui mashine inaweza nini. Nakwambia nilichokiona: aliyemo humo anazidi kudhoofika, kwa mwendo uleule, upande uleule, na leo asubuhi nilipowasha alikuwa ameegemea ukuta. Mara ya kwanza niliona mkono nikanyamaza. Mara hii nimeuona tena, nakwambia.

Omba ruhusa, njoo kabla ya Jumamosi. Ukifika usimwendee kushoto. Panda vidato vitatu, simama, usivute upanga. Atakugongea mara mbili, halafu kutakuwa na kile kimya. Ni kirefu kuliko unavyodhani. Mna nafasi humo ya kusema neno.

Wasalimie wapishi wenzio wote, na yule mlinzi wa geti aliyenipa kiti nilipokuja. Goti linakusalimu.

Ni mimi dada yako,
Redio, ambayo safari moja ilizimwa